Jani la Isale Mkononi mwa Mama Mkwe

Mpendwa Mama Mektrida,

Naomba msaada wako, na ukitaka kunikemea nikemee tu, maana nimechoka kiasi kwamba hata kukemewa na mtu aliyenisikiliza kutakuwa afadhali. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, naishi Marangu, nimeolewa na Sirili ambaye ni kitinda mimba kwao, na wewe ni mtu wa huku unajua maana yake, kwamba kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, kaka zake wanaenda kutafuta maisha, na wazazi wakizeeka ni wake, na wakishakuwa wake basi ni wangu, kwa sababu Sirili ni mpishi wa wageni wanaopanda mlima, kila safari siku sita au saba, akishuka analala siku mbili kama gogo halafu simu inalia anaondoka tena. Kwa hiyo mama yake, Mama Salvina, tangu apate kiharusi miaka minne iliyopita, upande wa kulia ukafa na maneno yakabaki mawili matatu, ni mimi ninayemwogesha, ni mimi ninayemgeuza asitoke vidonda, ni mimi ninayempikia mtori wa ndizi na kuuponda mpaka usibaki na bonge hata moja, na mashuka nafua kila siku, msimu wa ukungu hayakauki nayaanika jikoni juu ya moto yananuka moshi, na majirani wakipita wanasema mama utalipwa na Mungu, na wifi yangu Epifania aliyeko Dodoma anatuma kwenye kundi la WhatsApp la familia ile mikono miwili iliyoshikana na maneno "ubarikiwe sana wifi yangu," kisha ananyamaza mpaka mwezi unaofuata.

Lakini kuna jambo majirani hawalijui, na wanaolijua wamejifanya wamesahau. Miaka kumi na tisa iliyopita, kabla hatujafunga ndoa kanisani, mimi na Sirili tulikuwa tumepanga chumba Moshi mjini na tukapata mtoto wa kike, na kwa kuwa desturi ni mtoto wa kwanza wa kike achukue jina la bibi mzaa baba, tukamwita Salvina, na nilimpenda sana mtoto yule Mama Mektrida. Alipofika miezi saba akaugua homa ya mapafu akafariki, na Sirili akapanda Marangu kuomba sehemu ya kumzika mwanetu kihambani, walipolala babu zake, na mama yake akasimama getini hakumruhusu hata kuingia ndani, akamwambia, "Huyo mtoto hajaletwa hapa kwa ndoa. Kihamba hiki si cha kuzikia watoto wa mjini." Baba mkwe, Mzee Aikaeli, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa barazani na hakusema neno. Sirili akashuka analia, tukamzika mtoto kwenye makaburi ya wote kule mjini, mvua inanyesha, tukiwa watu tisa, na mwaka uliofuata tulipofunga ndoa mama mkwe alikuja akacheza na kupiga vigelegele na kunivika kitenge, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu kwenye ukoo ule aliyelitaja tena jina la mtoto wangu.

Baada ya msiba ule nilipata kazi kwa mama mmoja wa Kihindi pale mjini, mjane, jina lake Kusumben lakini sote tulimwita Ba, nikakaa naye miaka kumi na minne, kwanza kama msaidizi wa kazi za nyumbani na baadaye kama mtu wa kumshika mkono maana macho yalififia. Ba alikuwa mama tajiri lakini siku za sherehe kwenye hekalu lao alikuwa anavua viatu, anakunja sari, anakaa chini na wenzake kuosha masinia ya mamia ya watu waliokuja kula, na siku moja nikamuuliza, Ba, kwa nini usiwalipe watu waoshe, akaniambia, "Dikri," ndivyo alivyoniita, maana yake binti, "nikiosha huku nangoja mtu aniambie asante, sijahudumia, nimefanya biashara." Na siku nyingine nilipomsimulia habari za mwanangu akasema kwao wanaamini kila tendo linamrudia aliyelitenda, hata kama maisha haya hayatoshi yatakuja mengine, wanaiita karma, na nakuambia ukweli Mama Mektrida, ile ndiyo siku ya kwanza nililala usingizi mzuri tangu mtoto afariki.

Basi mama mkwe alipoanguka kiharusi na ukoo ukasema kitinda mimba arudi nyumbani, nilienda kumuaga Ba nikiwa nalia, nikamwambia siwezi kumhudumia mwanamke yule, na Ba akaniambia, "Huyo mama ndiyo kazi iliyoangukia mikononi mwako, ifanye vizuri, usiangalie itakulipa nini," nami nikaondoka na maneno yake mawili, la karma mkono wa kulia na hili la kazi mkono wa kushoto. Nimeyashika miaka minne. Kazi nimeifanya vizuri, hata nesi wa zahanati anashangaa hana kidonda hata kimoja mgongoni. Na kila ninapomgeuza, ninapomfuta, ninapomfunga nepi mtu mzima yule aliyekuwa na sauti ya kusimamisha soko, nasema moyoni, Ba alisema kweli, tendo limerudi, na ninamwogesha taratibu kabisa, nataka aone mikono ni ya nani.

Sasa wiki mbili na nusu zilizopita nilimtoa nje akae kwenye kiti juani, karibu na masale, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa mpakani, nikaenda kuchota maji mfongoni, kwenye mfereji, niliporudi na mtori nikakuta amekata jani la isale kwa mkono wa kushoto, amelifunga fundo kwa meno, mate yanamtiririka kidevuni, na ananinyooshea. Wewe unajua jani la isale ni nini. Mtu akikukosea akakuletea isale iliyofungwa fundo ameshaweka shingo yake chini, na kwa Wachaga hukatai, hata kama alimuua ndugu yako hukatai, na anayekataa mabaya yanamgeukia yeye. Akasema neno moja, na alilisema vizuri kuliko maneno yote niliyomsikia tangu augue. "Pokea."

Nikamwambia, "Mama kula, mtori unapoa," nikamtia kijiko mdomoni, na jani likabaki mkononi mwake mpaka jioni nilipomlaza. Kesho yake akakata jingine. Nikajifanya sijaliona. Siku sita mfululizo, majani sita, na kila jioni nilikuwa nayatoa vidoleni mwake akishasinzia nayatupia kwenye debe bovu stoo watu wasiyaone. Siku ya saba nilipomtoa nje hakukata jani, na nilipoleta mtori akafunga mdomo. Tangu siku hiyo ni maji na vijiko vichache vya maziwa, basi, leo siku ya kumi na moja, amebaki macho tu. Nesi amekuja amesema koo linameza vizuri, hataki mwenyewe. Shemeji yangu mkubwa Evaristo amepiga simu kutoka Dar akaniuliza, "Shemeji, mama anakula?" nikasema hataki, akasema, "Hataki au hapewi?" Nilikata simu nikakaa chini jikoni nikalia, si kwa ajili ya mama, kwa ajili yangu. Wanakuja yeye na mdogo wake Gerson mwisho wa mwezi kwa kikao cha familia, na Sirili yuko mlimani, sijamwambia kitu chochote kuhusu majani.

Swali langu ni hili. Ba angekuwepo ningemuuliza yeye lakini alifariki mwaka jana, watu wake walimchoma kwa desturi yao na mimi nilikuwepo nikamwaga maua. Kama kila mtu lazima abebe alichokitenda, mimi ni nani nimpunguzie mwanamke huyu mzigo wake? Na kama wajibu wangu ulikuwa kuhudumia bila kutazama matunda, si nimeutimiza, miaka minne, je, na kusamehe nako kumo kwenye huduma au hicho ni kitu kingine ambacho nina haki ya kukinyima? Naogopa isale, nisikudanganye, nina watoto wawili wako shule za bweni na usiku nawaza laana. Lakini nikiwaza kulipokea lile jani naona kama namzika mwanangu mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nimefunga geti. Nimechoka Mama Mektrida. Niambie la kufanya, nitalifanya, sina nguvu ya kufikiri tena.

Mkamwana aliyechoka,
Marangu


MAMA MEKTRIDA ANAJIBU

Mwanangu, pole. Nianze hapo na nikae hapo kidogo, kwa sababu katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mtu wa ukoo ule aliwahi kukuambia pole ya mtoto. Pole kwa Salvina wako wa miezi saba. Lililofanyika getini lilikuwa ovu, na mzee aliyekaa barazani akanyamaza alishiriki. Bibi aliyemkatalia mtoto mwenye jina lake mwenyewe futi mbili za udongo alifanya jambo ambalo hata wazee wetu wa zamani wangelitemea mate. Asikuambie mtu kwamba umekuza mambo.

Sasa nakukemea, maana umeomba.

Ungeacha namba ya simu. Barua yako imetembea siku nne kunifikia, ukurasa huu hutoka Ijumaa, na wewe unaniandikia habari za mtu asiyekula kana kwamba unauliza namna ya kupunguza chumvi kwenye maharage. Kwa hiyo kama unasoma hapa na mama mkwe wako bado anapumua, acha kusoma, kunja gazeti, nenda kalitafute jani katika hilo debe lako, au mpelekee jingine bichi umwekee mkononi akunyooshee upya, na safari hii upokee. Mengine utayasoma jioni. Mengine haya nawaandikia hasa wale watakaobaki wananiuliza kwa nini nimesema hivyo.

Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa Kibosho na paroko wangu anausoma ukurasa huu, namsalimu Tumsifu Yesu Kristo, kwa hiyo mambo ya karma sikutaka kuyajibu kwa kukisia. Nilimwendea Mwalimu Jayanti, mstaafu aliyefundisha hesabu nusu ya watu wazima wa mji huu, Mhindu wa kusali kila asubuhi, nikamsomea barua yako bila kutaja jina, na hukuandika jina hata hivyo. Alivua miwani. Akaniambia, "Mektrida, huyu mama ameelewa nusu, na nusu aliyoielewa ameigeuza fimbo. Mwambie karma inafanya kazi yake yenyewe, haijawahi kuajiri msaidizi." Akaniambia kwamba alichotenda mama mkwe wako getini ni cha mama mkwe wako, kimeshatoka mkononi mwake, hutaweza kukiongeza wala kukipunguza. Ulicho nacho wewe ni kile unachotenda leo asubuhi, na leo asubuhi kazi iliyo mbele yako ni mkono wa mgonjwa ulionyooshwa. Hicho cha kwako ndicho kitakachokurudia.

Unaona ulivyojichanganya? Umekesha unalinda malipo ya mwingine, ya kwako yakawa yanaiva jikoni bila mtu kuyaangalia.

Tena hata sisi tusio Wahindu tunalo neno hilo, tunasema malipo ni hapa hapa duniani, na nimegundua tukilisema tunamtazama jirani kila mara. Sijawahi kumsikia mtu analisema akijitazama mwenyewe kwenye kioo.

Mpwa wangu Goodness alisoma Sri Lanka miaka mitatu, alipanga kwa familia ya Wabudha, na jana alipopita kuniletea ndizi nilimuuliza wao wanasemaje. Hakufikiri mara mbili. "Shangazi, kule wanaangalia nia. Mkono unaweza kuosha na nia inapiga." Nikamuuliza, na mtu akiwa kwenye shida kwa makosa yake mwenyewe? Akasema mama mwenye nyumba wake alikuwa mkali sana hapo: huwezi kumpita mtu shimoni ukasema hiyo ni karma yake, kwa sababu ukishampita, hilo la kumpita sasa ni lako.

Nirudi kwenye mtori. Unaniambia umehudumia miaka minne bila kutazama matunda. Mwanangu, usinidanganye na usijidanganye. Kidonda hakuna hata kimoja mgongoni mwake, na kwa hilo nakuvulia kilemba, wanangu wa kuzaa sijui kama wangenifanyia hivyo. Lakini tunda lilikuwepo, na umelila kila siku, asubuhi na jioni. Umeandika mwenyewe: nataka aone mikono ni ya nani. Hilo ndilo tunda. Wenzako wanataka asante, wewe ulitaka aone aibu, na aibu nayo ni mshahara. Siku alipoiona, akaikubali, akaifunga fundo kwa meno, ukaona afadhali aendelee kudaiwa kuliko umalizane naye, maana akishasamehewa utabaki na kazi tupu, mashuka na moshi, bila kile kitamu cha moyoni. Nakuelewa kabisa. Kile kitamu ndicho kilichokuamsha saa kumi na moja alfajiri miaka yote hii. Lakini ndicho pia kilichokuchosha. Kumgeuza mgonjwa kunachosha mgongo, na mgongo ukilala unapona. Wewe hulali ukapona.

Unauliza kama kusamehe kumo ndani ya huduma. Mwalimu Jayanti angekupa jibu refu. Langu ni fupi: sijui, lakini anayekufa kwa njaa mbele ya chakula ulichompikia wewe, anataka kitu kimoja tu, na kitu hicho hakipo sufuriani. Umepewa kazi ya kumlisha. Mlishe hicho.

Na usiogope kwamba kupokea isale ni kusema hakuna kilichotendeka. Ni kinyume chake. Mtu haleti isale kwa jambo lisilokuwepo. Kwa miaka kumi na tisa ukoo mzima umefanya kama mtoto wako hakuzaliwa, na wa kwanza kumkiri, kwa mkono mmoja mzima na mate kidevuni, ni huyo bibi. Umeyatupa stooni majani sita ambayo ndiyo ushahidi pekee ulio nao kwamba mwanao alidhulumiwa. Hapo, mwanangu, nilikasirika nikaweka barua chini nikaenda kupalilia.

Sasa fanya hivi.

Lipokee kwa mikono miwili, ukiwa umekaa, uso wako uwe chini au sawa na wake, si umesimama juu yake na kijiko. Mwambie kwa sauti, "Mama, nimepokea." Kisha mtaje mtoto kwa jina. Mwambie alikuwa na miezi saba, mwambie alikuwa anachekea nini, mwambie na lile la mvua na watu tisa. Usimpunguzie. Ana haki ya kujua anasamehewa nini, na wewe una haki ya kulia mbele yake, umelia jikoni vya kutosha. Sikuombi umpende. Upendo ukija siku moja utafute kiti ukae, usipokuja si kosa lako. Baada ya hapo mpe maziwa ya uvuguvugu kidogo kidogo, usianze na mtori mzito tumbo halijazoea, na nesi aje siku hiyo hiyo, maana sasa ni zaidi ya siku kumi na tano, na kwa mwili wa umri ule si mchezo, na inawezekana njaa imeshafika mahali ambapo jani peke yake halitoshi.

Sirili akishuka mlimani, kabla hajavua buti, mwambie yote, pamoja na debe. Ni mtoto wake pia. Alishuka analia siku ile na nina hakika kila mwaka analia tena huko juu kwenye baridi ambako hakuna anayemuuliza ni moshi wa jiko au ni nini.

Kikao cha familia kikikaa, usikae jikoni kupika. Kaa kwenye kiti. Evaristo aliyeuliza kama mama hapewi chakula, mkabidhi kijiko mbele ya wote, amlishe yeye, aone inachukua dakika ngapi. Halafu useme mambo mawili, na Sirili aseme pamoja nawe. La kwanza, udongo wa kaburi la mtoto uchukuliwe mjini uletwe kihambani kwa utaratibu wa wazee na padri, yapandwe masale kama kwenye kaburi la mtu wa nyumba hiyo, na jina lake lisomwe kwenye misa ya marehemu wa ukoo. Hapo utaniuliza, Mama Mektrida, si umesema nisitake matunda? Nimesema usitake matunda ya kazi yako. Hili si lako, ni la mtoto, na mtoto hawezi kujidai mwenyewe. Kunyamaza kwa ajili yako ni ukarimu, kunyamaza kwa ajili yake mmeshafanya sana.

La pili, zamu. Desturi inasema kitinda mimba anabaki na nyumba, haijawahi kusema kaka zake wanazaliwa upya bila mama. Gerson mwezi mmoja, Evaristo mwezi mmoja, wake zao au wao wenyewe, waje walale Marangu au walete mtu anayejua kugeuza mgonjwa. Epifania naye aipumzishe ile mikono ya WhatsApp, alete ya kwake. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na watu wengi wanakumbuka nusu ya kwanza. Wewe nenda zako kwa mama yako mzazi wiki mbili, ulale, upikiwe, usimweleze mtu yeyote jinsi ulivyojitoa. Ba wako aliosha masinia siku za sherehe halafu akarudi nyumbani kupumzika, hakuhamia hekaluni. Anayehudumia mpaka akabaki na chuki anawauzia wagonjwa sumu kwa bei ya dawa.

Laana unayoiogopea watoto wako niliiacha mwisho makusudi. Sijui kama isale inaua. Najua nyumba ambamo bibi anakufa njaa na mama anaficha majani stooni, watoto wakirudi likizo wataisikia hewa yake hata bila kuambiwa, na wao siku moja watakuogesha wewe. Watakuwa wamejifunza kwa nani?

Na kama nimechelewa, kama ukurasa huu umekukuta turubai limeshafungwa uani na watu wanakunja viti, basi nenda kwenye kaburi lake bichi ukaseme yale yale, maana ni lazima yasemwe. Lakini nakuonya kwamba nimewahi kufanya hivyo. Mama yangu mdogo aliniletea isale nikiwa na miaka thelathini, nikamwambia nitaipokea Krismasi watu wote wakiwepo, akafa Novemba. Nimempelekea maneno mazuri sana kwenye kaburi lake, mwaka wa ishirini na sita huu, na sijawahi kujibiwa.